Mwalimu Nyamweya Alipotulia

Mwalimu Nyamweya hakuweza tena kukaa kitini kwa muda mrefu, na hakutaka binti yake ajue sababu.

Maumivu yalianzia kiunoni yakateremka. Alikwenda msalani mara nyingi na kurudi bila nafuu. Usiku alilala kwa vipande. Mchana aliketi, akasimama, akatembea hadi mwisho wa shamba la chai, akarudi, akaketi tena upande mmoja wa makalio. Alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiingereza na mzee wa kanisa la Waadventista, mwenye nyumba ya matofali karibu na Sironga. Binti yake, Kemuma, alikuwa muuguzi katika zahanati moja mjini Nyamira. Sentensi moja tu ingetosha kumfanya amshike baba yake mkono na kumpeleka kwa daktari. Mwalimu, aliyekuwa amefundisha sentensi maisha yake yote, hakuwa na namna ya kuitamka hiyo.

Kizuizi hicho Wagusii hukiita chinsoni. Ni haya na heshima iliyowekwa kati ya mzazi na mtoto wake. Baba haingii chumba cha kulala cha mwanawe aliyeoa. Binti hataji nguo za ndani za baba yake. Mwili wa mzazi, kuanzia kiunoni kushuka, hauna jina mbele ya mtoto aliyemzaa, na mtoto akiwa mtu mzima ndipo haya hiyo huzidi. Babu na wajukuu hawafungwi nayo. Wao hutaniana watakavyo. Mke naye hafungwi. Lakini Gesare, mke wa Mwalimu, alikuwa amezikwa miaka kadhaa iliyopita chini ya migomba. Mjukuu aliyemzoea, Cynthia, binti wa Kemuma, alikuwa chuoni mjini Kisii akisomea uhasibu.

Cynthia alikuwa ameambiwa kidogo. Katika likizo ya Aprili, babu alimlalamikia kwamba anaamka usiku kama mtoto mchanga.

"Sokoro, huo ni uzee," Cynthia alimwambia. "Nikununulie nepi?"

"Ninunulie, mke wangu. Za rangi ya buluu."

Walicheka wote wawili. Cynthia alirudi chuoni. Hakumweleza mama yake, kwa kuwa mkojo wa babu haukuwa habari ya kumpelekea binti wa babu. Hivyo njia hiyo nayo ikafungika.

Kemuma alikuja kila Jumapili alasiri. Alikuwa amepata nafasi ya kazi katika makao ya wazee nchini Uingereza, na kilichobaki kilikuwa mtihani wa kuzungumza Kiingereza. Aliandika Kiingereza vizuri. Kukizungumza kulimtoa jasho. Kwa hiyo baba na binti waliketi barazani, yeye kwenye kigoda, baba kwenye kiti chake cha mbao, na kwa saa moja hawakutumia lugha nyingine.

Jumapili moja walifika kwenye misemo ya wasiwasi. Kemuma aliisoma kutoka kwenye simu, na Mwalimu akaieleza mmoja mmoja. Mwingereza mwenye hofu husema ana vipepeo tumboni. Asiyeweza kutulia husema yuko kama paka juu ya matofali ya moto. Mwalimu aliyaeleza haya akiwa amesimama, ameegemea nguzo ya baraza.

"Na huu unaofuata, Tata?" Kemuma aliuliza, akamwonyesha simu.

Mwalimu alisoma, akaitazama barabara.

"Huo hautatoka kwenye mtihani."

"Umejuaje?"

"Nilisahihisha mitihani kabla hujazaliwa. Endelea na wa chini yake."

Kemuma aliendelea. Alielewa kwamba msemo ule ulikuwa na neno ambalo baba hawezi kumsomea binti. Alipofika kwake mjini aliusoma peke yake. *To have ants in your pants.* Kuwa na sisimizi ndani ya suruali. Maana yake ni kutotulia, kuhangaika, kushindwa kukaa mahali pamoja kwa sababu ya wasiwasi au hamu. Kemuma aliurudia mbele ya kioo hadi ulimi ukauzoea. Aliupenda. Aliona kwamba mtu aliyeubuni alikuwa amemtazama baba yake akisimama na kuketi barazani.

Alikuwa amekwisha kuamua kwa nini baba hatulii. Aliamini anahofia safari yake. Mama hayupo tena, kaka yake Mose ana shughuli zake, na sasa binti wa pekee anakwenda ng'ambo. Sababu hiyo ilimhuzunisha Kemuma na kumridhisha pia, kwa kuwa hakuna binti asiyependa kujua kwamba atakumbukwa akiondoka. Akawa hatafuti sababu nyingine. Kazini, mwanamume wa umri ule akisimama na kuketi namna ile, angemuuliza maswali matatu na kumwandikia kipimo. Nyumbani hakuwa muuguzi.

Sabato iliyofuata, wazee wa kanisa walipita nyumbani kwa Mwalimu baada ya ibada ili kupanga mambo ya makambi. Kemuma alikuwepo. Alipika uji wa wimbi na ndizi za kuchemsha, kwa sababu nyumba ile iliuza majani ya chai mwaka mzima, lakini kwa imani yao haikunywa chai. Wageni walikuwa watatu au wanne. Aliyezungumza zaidi alikuwa Obwocha, karani mstaafu wa kiwanda cha chai, mtu mcheshi aliyejivunia Kiingereza chake. Karibu naye aliketi Nyakerario, mjane aliyewaongoza akina mama wa kanisa.

Mwalimu alisimama wakati wa kuhesabu mahema. Akatoka. Akarudi. Akasimama tena.

"Mwalimu," Obwocha alisema, "kuna mgeni mwingine unayemtazamia? Mwenye gari, labda? Maana sisi tuliokuja kwa miguu hututazami."

"Mwache," Nyakerario alisema. "Binti yake anakwenda kuwaogesha wazee wa Wazungu. Hata mimi nisingekaa."

"Wazee wa Wazungu wanaogeshwa na mtu?"

"Wanaogeshwa, wanalishwa, na mtu analipwa."

"Basi niandikieni na mimi jina. Nimezeeka tayari."

Watu walicheka. Kemuma alikuwa akimimina uji, na moyo wake ulikuwa mwepesi. Alisema ule msemo kwa Kiingereza, wazi na bila kukwama, kama ambavyo angeusema mbele ya msahihishaji. Alisema baba yake anao hao sisimizi, na mahali walipo.

Kwa Kiingereza haikuwa kitu. Ilikuwa sentensi. Mwalimu aliisikia na kuinamisha kichwa kidogo, na pengine yangeishia hapo. Lakini Obwocha alicheka hadi kikombe kikamtikisika mkononi.

"Amesema nini?" Nyakerario aliuliza.

Obwocha alitafsiri. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu kuonyesha kwamba ameelewa. Alitafsiri kwa Ekegusii, neno kwa neno: sisimizi, ndani, suruali ya baba yake. Alipofika kwenye neno la mwisho alisikia mwenyewe alichokisema.

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Nyakerario aliweka kikombe sakafuni, akanyoosha kitambaa cha kichwa.

"Kemuma," alisema kwa sauti ya chini, "nenda ukatazame uji jikoni."

Uji wote ulikuwa umeletwa sebuleni. Kemuma alikwenda jikoni. Alisimama kando ya jiko lililozimwa hadi aliposikia wageni wakiomba sala ya kuagana.

Mwalimu alirudi kwenye kiti chake akaketi. Aliketi makalio yote, mgongo wima, miguu pamoja. Hakusimama hadi kikao kilipokwisha.

Kuanzia siku hiyo alitulia.

Kemuma alitaka kuomba msamaha na hakuona mlango wa kuingilia. Kuomba msamaha kungemlazimu kulitaja tena jambo lile lile, mbele ya mtu yule yule. Alifikiri kumtuma Mose, lakini Mose naye alikuwa mtoto wa baba yule yule. Alifikiri kumtuma Nyakerario, akaona aibu. Jumapili alikuja na sukari, sabuni na mkate, akaviweka mezani, na baba akashukuru kwa kila kimoja. Wakafanya mazoezi. Wakazungumza juu ya hali ya hewa, juu ya vyakula, juu ya mji anaoupenda. Misemo hawakuigusa tena.

"Leo umepumzika vizuri, Tata," Kemuma alisema, kwa sababu saa nzima baba hakuwa ameondoka kitini.

"Nimepumzika."

"Naona hata uso umetulia."

"Namshukuru Mungu."

Alikuwa akitoa jasho mgongoni, chini ya koti. Kemuma hakuuona mgongo wake. Alipofika langoni na kugeuka ili apunge mkono, baba bado alikuwa ameketi. Mwalimu alingoja hadi kichwa cha binti yake kikapotea nyuma ya ua, ndipo akashika nguzo kwa mikono miwili na kujiinua.

Alitafuta njia ya kuweza kutulia, akaipata: aliacha kunywa maji. Kuanzia Ijumaa alipunguza, Jumamosi akalowesha midomo tu, na Jumapili hakunywa kabisa hadi Kemuma aondoke. Hivyo hakulazimika kutoka mbele yake. Ilikuwa mbinu ya mtu mwerevu, na mwili wake uliigharimia. Alikonda. Kemuma aliona kukonda, akauliza anakula nini. Mwalimu alimtajia ndizi, maharagwe, mboga za kienyeji na maziwa. Yote yalikuwa kweli.

Miezi ilipita namna hiyo. Tarehe ya mtihani ilitoka.

Asubuhi moja Mose, aliyeishi katika nyumba ya pili ya boma lile, alikwenda kukata majani ya ng'ombe akamkuta baba yake kwenye migomba, ameushika mmoja wao, uso umemgeuka rangi. Mkojo ulikuwa haumtoki tangu jana yake. Mwalimu hakusema hivyo.

"Ni tumbo," alisema.

Mose hakuuliza zaidi. Alimwomba jirani gari, wakampeleka hospitali mjini Kisii. Njiani alimpigia dada yake simu.

"Tata anaumwa tumbo."

"Tumbo la namna gani?"

Mose alimtazama baba yake. "Tumbo tu," alisema. "Wewe njoo."

Kemuma aliondoka zahanati akiwa na sare yake ya kazi. Alipofika wodini, Mwalimu alikuwa amelazwa, na mpira wa mkojo ulikuwa umewekwa. Mfuko ulining'inia ubavuni mwa kitanda. Mkojo ulikuwa na rangi ya damu. Kemuma alisimama miguuni mwa kitanda na kuusoma mfuko ule kama ambavyo angeusoma wa mtu mwingine yeyote. Kabla daktari hajamwita, alikuwa amekwisha kuelewa. Alielewa kusimama na kuketi. Alielewa baraza, nguzo, safari za mwisho wa shamba, na kukonda. Alielewa pia ile Sabato.

Vipimo na picha vilichukua siku chache. Daktari alikuwa kijana kutoka Voi, mpole, na alimweleza kwa sababu alikuwa mwenzake wa kazi.

"Ni saratani ya tezi dume. Imekwisha kufika kwenye uti wa mgongo."

"Naelewa."

"Tutampa dawa za kupunguza kasi na za maumivu. Zaidi ya hapo, unajua mwenyewe." Alifunga faili. "Mzee hakulalamika?"

"Hakulalamika. Alikuwa hatulii."

"Kwa muda mrefu?"

"Kisha akatulia," Kemuma alisema.



Kulikuwa na utaratibu wa kumtunza, na kila mtu wa familia aliufuata bila kuambiwa. Wauguzi wa zamu walifanya yao. Mose alileta chakula na kuketi mbali na kitanda. Kemuma aliongea na madaktari, alinunua dawa, alikunja nguo safi akazikabidhi. Mengine yote, kumgeuza, kumwosha, kumwaga mfuko, yalikuwa ya Cynthia, aliyeomba ruhusa chuoni. Cynthia alifunga pazia, akavaa glavu za plastiki, akamtania babu yake hadi wagonjwa wa vitanda vya jirani wakatabasamu. Pazia lilipofungwa, Kemuma alitoka. Alikuwa amewaosha wanaume wasiohesabika, vijana kwa wazee, na alikuwa karibu kuvuka bahari ili akawaoshe wengine. Huyu mmoja hakuruhusiwa kumgusa.

Alasiri moja Cynthia alishuka kwenda kununua uji. Kemuma alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, bado na sare. Aliketi kwenye kiti cha kando ya kitanda. Baba yake alikuwa macho, akiitazama dari.

"Sista," Mwalimu alisema kwa Kiingereza.

Kemuma aligeuka kutazama ni nani ameingia. Hakukuwa na muuguzi mwingine karibu. Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa, alisimama, akafunga pazia, akasimama pale ambapo muuguzi husimama.

"Ndiyo, Mwalimu," alijibu kwa Kiingereza.

"Nina maumivu. Ningependa kuyaeleza kwa mpangilio."

"Nakusikiliza."

Aliyaeleza kama mtu anayetoa somo: yalipoanzia, yalivyoendelea, yalipo sasa. Alizitaja sehemu za mwili kwa majina yake. Majina hayo hakuwahi kuyatamka mbele yake kwa lugha ya mama, na hata sasa asingeweza. Kwa Kiingereza yalitoka moja baada ya jingine, na sauti yake haikutetemeka. Kemuma aliuliza maswali ambayo alipaswa kuyauliza barazani. Mwalimu aliyajibu yote kwa sentensi kamili.

"Kwa nini hukumwambia muuguzi mapema?" Kemuma aliuliza.

"Ningemwambia muuguzi yeyote. Lakini niliyemwamini alikuwa binti yangu."

"Binti yako alisema jambo baya mbele ya wageni."

"Alisema sentensi sahihi. Ningempa alama zote." Mwalimu alipumua. "Nilidhani ameona ninavyoumwa, na kwamba amesema kwa sababu ameona. Niliona haya. Nikaamua asione tena."

"Hakuwa ameona kitu. Alidhani unahofia safari yake."

"Hilo nalo lilikuwapo, Sista."

Kemuma aliushika ukingo wa kitanda. Muuguzi halii mbele ya mgonjwa. Alijifunza hivyo chuoni, na kwa dakika ile aliishika kanuni hiyo kuliko kitu kingine chochote.

"Imebaki muda gani?" Mwalimu aliuliza.

"Miezi. Si mingi."

"Na maumivu?"

"Yatapunguzwa. Hayataisha."

"Asante kwa kunijibu." Alivuta shuka hadi kifuani. "Binti yangu ana mtihani wiki ijayo."

"Ameuahirisha."

"Mwambie asiahirishe."

"Nitamwambia. Lakini sidhani atasikia."

"Hakuwa msikivu tangu utotoni," Mwalimu alisema, na kona ya mdomo wake ikasogea. Kisha akakunja uso, akafumba macho, vidole vikakamata shuka. "Sista. Mfuko umejaa. Unavuta."

Cynthia hakuwa amerudi. Kemuma alichukua glavu mezani akazivaa. Mwalimu aligeuza uso kuelekea ukutani, akausukuma mkono wake mwenyewe chini ya mto ili usiwe njiani. Kemuma aliinua blanketi. Alifanya kazi aliyoizoea, kwa haraka na kwa upole, bila kusema neno, akahakikisha mpira haujajikunja, akausafisha ulipoingilia, akamfunika. Alibeba chombo hadi msalani. Alinawa mikono. Alinawa tena, kwa sababu alihitaji sauti ya maji.

Aliporudi baba yake alikuwa amelala chali, macho wazi.

"Kemuma," alisema kwa Ekegusii, "umefika saa ngapi?"

"Sasa hivi tu, Tata."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Hujambo huko Nyamira?"

"Sijambo. Mvua imenyesha vizuri."

"Ni nzuri kwa chai."

"Ni nzuri, Tata."

Cynthia aliingia na chupa ya uji, akitweta kwa kupanda ngazi. "Sokoro, nimerudi. Hukuoa mwingine nikiwa nje?"

"Nilitafuta, mke wangu. Wote wanataka kijana."

Cynthia alicheka, akaweka chupa mezani, akamgeukia mama yake na kumwashiria kwa macho kwamba anataka kumbadilisha babu shuka. Kemuma alichukua mkoba wake akatoka nje ya pazia, kama inavyompasa binti.

Hakuenda mbali. Alisimama upande wa pili wa kitambaa, karibu kiasi cha kumsikia baba yake akipumua, akangoja kuitwa sista. Hakuitwa siku hiyo, wala siku zilizobaki.